Kaka yangu hataki kilimo hai, mnunuzi anasubiri jibu

BARUA

Shikamoo mshauri,

Nina jambo linaloninyima usingizi, na nyumbani sina wa kumweleza kwa sababu kila mmoja ana upande wake.

Baba alituachia mimi na kaka yangu shamba la mizabibu la hekta 4. Kaka ndiye mkubwa na ndiye anayeshinda shambani: trekta anaendesha yeye, dawa anapulizia yeye, kupogoa anasimamia yeye. Mimi naweka hesabu, nalipa vibarua na kushughulika na soko. Faida tunagawana nusu kwa nusu, na kila mmoja anatoa kidogo kwa ajili ya mama.

Mistari imeachana mita 2.5, na kutoka mzabibu hadi mzabibu ni mita 1.2. Mwaka mzuri tunavuna kama tani 9 kwa hekta. Hekta 2.5 ziko juu kwenye mteremko. Upepo unapiga na udongo unakauka upesi. Hekta 1.5 ziko bondeni, umande unakaa hadi saa nne asubuhi, na ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiri vinyoya hautuachi. Pande zote mbili ni aina moja ya zabibu.

Kiwanda cha mvinyo tunachokiuzia kimeniambia kinataka zabibu za kilimo hai, na tukipata cheti kitaongeza asilimia 40 juu ya bei ya sasa. Wanataka jibu kabla ya msimu wa kupogoa. Nilifurahi sana. Kwa sasa katika kila 100 inayoingia, 70 inarudi shambani na 30 inabaki. Nikawaza: dawa ya magugu hatutanunua tena, mbolea ya viwandani hatutanunua, bei inapanda hadi 140. Hata gharama zisiposhuka, si tutabaki na 70 badala ya 30?

Sababu yangu ya pili ni kaka mwenyewe. Kila akitoka kupulizia anaumwa kichwa na macho yanakuwa mekundu. Nataka aachane na sumu.

Lakini yeye ndiye anayekataa. Nilipomwonyesha hesabu aliniambia, "Wewe utavuna bei, mimi nitavuna majani." Tukagombana vibaya. Sasa tunaongea mambo ya kazi tu, na mama ameanza kuuliza kuna nini.

Tuna akiba ya pamoja inayotosha kuendesha shamba kwa msimu mmoja na nusu. Nusu yake ni yangu, na nilikuwa nimeiwekea ada ya chuo ya binti yangu.

Je, nisimame imara hadi akubali? Tugawane shamba, mimi nifanye kilimo hai upande wangu? Au niiache nafasi hii ipite?

Msomaji, jina limehifadhiwa

JIBU

Marahaba, mwanangu. Asante kwa kuandika kwa kina. Hata nafasi ya mistari umeitaja, na itatufaa sana.

Nikikusoma vizuri, una mambo mawili yaliyofungwa pamoja. Moja ni kama kilimo hai kitawalipa. La pili ni kaka ambaye unamwona amekaa mlangoni mwa pesa. Umeniomba tuzungumzie la pili, lakini mimi nadhani kaka amekupa hesabu ambayo kwenye daftari lako haimo. Kwa hiyo nianze na hayo majani yake.

Mistari ikiachana mita 2.5, hekta moja ina kilomita 4 za mistari. Bila dawa ya magugu, majani yanayoota chini ya mizabibu yanaondolewa kwa kifaa cha trekta chenye mkono unaoingia kati ya mashina na kurudi nyuma unapogusa shina. Kwa kawaida kifaa hicho kinafanya upande mmoja wa mstari, kisha unarudi kwa upande wa pili. Hizo ni kilomita 8 kwa hekta, kwa mwendo wa kilomita 3 hadi 4 kwa saa, kwa sababu ukikimbia zaidi mkono hauwahi kukwepa. Weka na kugeuza, ni karibu saa 3 kwa hekta. Palizi 4 kwa msimu, hekta 4: saa 48. Dawa ya magugu mara 2, saa moja na nusu kwa hekta, ilikuwa saa 12. Na bado majani yanayong'ang'ania shina yanataka jembe la mkono.

Kazi hiyo haisubiri. Majani yakizidi shubiri moja yanakisonga kifaa. Udongo ukiwa na maji kinatoa mabonge, ukiwa mkavu sana hakizami. Kikirekebishwa vibaya kinachubua mashina, na magonjwa ya mti yanaingilia kwenye kidonda.

Halafu njoo kwenye kupulizia. Dawa nyingi za kisasa za ukungu hupenya ndani ya mmea, ndiyo maana unaweza kukaa siku 12 hadi 14 bila kurudia. Kilimo hai kinategemea zaidi shaba kwa ubwiri vinyoya na salfa kwa ubwiri unga, ukungu wa aina nyingine, na zote mbili zinakaa juu ya jani tu. Jani jipya likifunguka halina kinga. Mvua ya milimita 20 hadi 25 ikinyesha, sehemu kubwa ya shaba imeoshwa. Basi ni kila siku 7 hadi 10, na wakati machipukizi yanakimbia ni kabla ya kila mvua kubwa, iwe Jumapili au usiku, maana shaba haiponyi jani lililokwisha kuambukizwa. Mwaka wa mvua, awamu 12 hadi 15 si jambo la ajabu.

Sasa fungua daftari lako. Katika zile 70, saa za kaka zimeandikwa wapi? Kama malipo yake ni nusu ya faida tu, saa hizi zote mpya hazina bei. Nyongeza ya bei mtagawana wawili, nyongeza ya kazi ni yake peke yake. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya kukataa kwake, simfahamu. Lakini ukipitia maneno yake upya huku hesabu hii ikiwa mbele yako, bado unamsikia kama mkaidi?

Kuhusu afya yake, umenigusa. Ila naomba nikurekebishe kwa upole: kilimo hai si kilimo kisicho na dawa. Mchanganyiko wa mrututu (chumvi ya shaba) na chokaa, ambao Pierre-Marie-Alexis Millardet aliutangaza Ufaransa mwaka 1885 baada ya kazi yake kwenye mizabibu ya Bordeaux, bado ni nguzo ya kilimo hai cha zabibu hadi leo. Ni kweli ataachana na viuatilifu vya viwandani, na hilo lina uzito. Lakini vumbi la salfa linawasha macho na ngozi vikali, na atakuwa nalo mara nyingi zaidi kuliko sasa. Kinachomlinda ni miwani inayofunga, kinyago chenye chujio sahihi, glavu, nguo za kazi zinazofuliwa peke yake, na kutopulizia upepo ukivuma. Hayo yaanze wiki hii, mkibadili kilimo au msibadili. Na aende kwa daktari akiwa na orodha ya dawa anazotumia. Macho mekundu na kichwa kuuma kila baada ya kupulizia si vitu vya kuvizoea.

Shaba ina jambo jingine: haiozi. Inabaki kwenye udongo wa juu na kidogo kidogo inaumiza minyoo na vijidudu vyenye faida. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa kilo 28 za shaba halisi kwa hekta katika miaka 7, wastani wa kilo 4 kwa mwaka. Mrututu una shaba kama robo ya uzito wake, kwa hiyo kilo 4 ni sawa na kilo 16 za mrututu. Ukitumia gramu 400 za shaba kwa awamu, una awamu 10 tu. Mapema msimu, majani ya mizabibu yakiwa machache, gramu 200 zinaweza kutosha, na hivyo ndivyo wakulima wazoefu wanavyojiwekea akiba. Juu kwenye upepo mnaweza kuishi ndani ya ukomo huo. Bondeni, mwaka wa mvua, shaba mnayoruhusiwa inaweza kuisha kabla ya mvua kuisha.

Si bahati kwamba Hispania, Ufaransa na Italia pekee zilikuwa na takriban robo tatu ya mizabibu yote ya kilimo hai duniani mwaka 2019, kwa takwimu za OIV, shirika la kimataifa la mizabibu na mvinyo. Sehemu kubwa ya mashamba hayo iko kwenye majira ya joto makavu. Upepo mkavu ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote.

Tuingie kwenye pesa. Ulichukua 140 ukatoa 70. Umeacha vitu viwili: mavuno na miaka ya mpito, yaani ile mnayolima kwa kilimo hai lakini cheti hakijaja. Tafiti nyingi zilizolinganisha mizabibu ya namna hizi mbili zimekuta mavuno ya kilimo hai yakiwa chini, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 20. Nitrojeni inakuwa kidogo, magugu yanashindania maji, na ukungu unachukua fungu lake. Mboji tani 10 kwa hekta inaweza kuwa na kilo 100 za nitrojeni, lakini mwaka wa kwanza inaachia sehemu ndogo tu. Mikunde kati ya mistari inasaidia, mradi ikatwe kabla haijaanza kuwanyang'anya mizabibu maji.

Tukadirie mavuno yashuke asilimia 15 na gharama zipande asilimia 15, tukiwa tumeanza kumlipa kaka angalau kwa saa za ziada. Gharama inakuwa 80.5. Mkiuza kwa bei ya sasa mnapata 85, mnabaki na 4.5 badala ya 30. Hiyo ndiyo miaka ya mpito: pengo la 25.5 kila msimu. Cheti kikija, 85 kwa nyongeza ya asilimia 40 ni 119, mnabaki na 38.5. Faida ya kweli juu ya leo ni 8.5. Misimu 3 ya pengo ni 76.5, ambayo itarudi kwa miaka 9. Na kama kiwanda kitashusha nyongeza hadi asilimia 30, mtakuwa palepale mlipo leo, na pengo la mpito halitarudi kamwe.

Usikate tamaa, maana hesabu hiyo inabadilika sana kwa vitu viwili vilivyo mikononi mwenu.

Cha kwanza ni tarehe. Kwa mazao ya kudumu kama mizabibu, Umoja wa Ulaya unataka miaka 3 kabla ya kuvuna zabibu za kwanza za kilimo hai. Marekani inahesabu miezi 36 tangu siku ya mwisho ya kutumia kilichokatazwa. Mkianza mwezi mmoja baada ya mavuno, mtavuna mara 3 mkiwa katika mpito, na mara zote 3 mavuno yameshashuka. Mkianza miezi miwili kabla ya mavuno, zabibu zilizopo mtini zimeshakuzwa kwa njia ya zamani na mavuno yake ni kamili. Mnabaki na misimu 2 tu ya pengo, na mavuno ya nne yanauzwa kwa cheti. Pengo linakuwa 51, na kwa makadirio yaleyale linarudi kwa miaka 6. Lakini msibane tarehe. Msimu wa joto ukiwahisha kuiva na miezi 36 haijatimia, mzigo wote unauzwa kwa bei ya kawaida. Tena kwa sheria za Ulaya saa inaanza kuhesabu mkishajiandikisha kwa mamlaka na kuwa chini ya ukaguzi. Kuacha dawa kimyakimya hakuhesabiwi hivihivi.

Cha pili ni mavuno. Yakishuka asilimia 10 badala ya 15, mnabaki na 45.5 baada ya cheti, na pengo la misimu 2 linarudi kwa chini ya miaka 3. Asilimia 5 tu za mavuno zimekata muda kwa zaidi ya nusu. Na asilimia hizo zinatoka kwa mtu anayejua aingie lini: chipukizi linapofika sentimita 10, mvua ya milimita 10, joto la nyuzi 10 au zaidi, ndipo ubwiri vinyoya unapoanza. Kuanzia maua hadi wiki 3 au 4 baada ya punje kushika ndipo ubwiri unga unaharibu vichala, na salfa isipulizwe joto likipita nyuzi 30 hivi kwa sababu inaunguza, wala isisogezwe karibu na mavuno kwa sababu mvinyo utanuka yai viza. Mtu huyo ni kaka yako. Faida ya mpango huu iko kwenye macho na miguu yake kuliko kwenye mkataba.

Akiba yenu ni kama 105 kwa kipimo chetu, yaani gharama ya 70 mara moja na nusu. Pengo la misimu 2 linakula karibu nusu, la misimu 3 karibu robo tatu. Mwaka mmoja mbaya wa ubwiri ndani ya mpito, mavuno yakishuka hadi nusu ya yale ya leo, unawaacha nyuma kwa 60 hivi peke yake. Na kifaa cha palizi sijakihesabu. Ulizia kama mnaweza kukodi au kukinunua pamoja na jirani. Ada ya cheti na ukaguzi wa kila mwaka nayo ni mzigo kwa shamba dogo, maana sehemu yake kubwa haipungui hekta zikipungua. Cheti cha kikundi huwa kinasaidia hapo.

Njia zilizo mbele yenu, kama ninavyoziona mimi. Mnaweza kubadili shamba lote kwa pamoja. Usimamizi na kumbukumbu ni rahisi, lakini bonde ndilo litakaloamua hatima ya akiba. Mnaweza kuanza na mteremko tu. Pengo la misimu 2 linashuka hadi theluthi moja hivi ya akiba. Shida yake ni aina moja ya zabibu pande zote. Sheria za Ulaya zinaruhusu hilo kwa mizabibu iwapo tu kuna mpango wa kubadili shamba lote ndani ya miaka isiyozidi 5, kwa hiyo bonde litawafuata. Wengine sehemu kama hiyo huing'oa na kupanda aina zinazostahimili ukungu, kama Regent au Solaris, ambazo huhitaji kupuliziwa mara chache tu na hazichanganyiki na zile za juu. Ni miaka 3 hivi bila mavuno ya maana, na lazima kiwanda kikubali kuzinunua.

Mnaweza pia kuacha dawa ya magugu peke yake, bila cheti, kwa msimu mmoja na mistari michache, mkapima saa na mavuno. Hamtapata nyongeza ya bei, na pengine nafasi ya kiwanda itapita, lakini mtakuwa na takwimu zenu wenyewe. Na kubaki mlivyo nako ni uamuzi halali.

Kugawana shamba ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Atakayechukua upande usio na cheti atakuwa anapulizia dawa jirani na mistari yako. Upepo ukileta mabaki na vipimo vikayaona, mzigo wako haurudi kwenye bei ya cheti kwa kuomba radhi. Na trekta ataendesha nani?

Kabla ya kumjibu mnunuzi, mwandikie maswali. Asilimia 40 ni juu ya bei gani, ya leo au ya siku ya kuvuna? Ni kwa tani zote au hadi kiwango fulani? Imeahidiwa kwa miaka mingapi baada ya cheti? Na je, kipindi cha mpito watachangia chochote, hata asilimia 10? Kwa mavuno ya 85 hiyo ni 8.5 kila msimu, theluthi moja ya pengo. Kiwanda kinachotaka zabibu hizi kwa dhati kinaelewa swali hilo. Kama hakitaki kuandika miaka, hilo nalo ni jibu.

Kwa kaka, usiende na hesabu iliyokwisha. Nenda na daftari tupu, umwambie umegundua saa zake hazimo, na umwombe azitaje yeye: palizi, awamu za dawa, usiku wa kabla ya mvua. Mwulize angetaka alipweje kwa hizo kabla faida haijagawanywa, na kama bonde angelifanyaje lingekuwa lake peke yake. Huenda akakataa tena, na sababu zake zikawa nzuri. Kuhusu fungu la binti yako, mwambie kaka mapema ni kiasi gani hakiguswi, ili mpango wowote mtakaoupanga uanzie hapo.

Majibu ya kiwanda yakifika kwa maandishi na saa za kaka zikiwa daftarini, niandikie tena mwanangu, pamoja na mvua za misimu iliyopita kama mnazo. Tutapiga hesabu ya bonde upya.